Ukuta Ulionenepa Kila Kiangazi

Hakuwahi kutuita majina. Walimu wengine wa misheni walianza asubuhi kwa kufungua daftari kubwa na kusoma majina toka juu hadi chini, na mtoto aliyechelewa kuitikia alijuta. Mwalimu wetu alilifungua daftari, akachukua kalamu, kisha akatutazama. Sisi wenyewe tulisimama mmoja mmoja kuanzia benchi la mbele. Kila mtoto alitaja jina lake kwa sauti, akaongeza neno la Kifaransa tulilofundishwa siku ya kwanza, maana yake nipo: "Prezan!" Yeye aliweka alama tu. Mtoto asipokuwapo, jirani yake wa benchi ndiye aliyemsemea.

Tulidhani shule zote ziko hivyo. Nimezeeka sasa, nimeona walimu wengi, wengine wana vyeti virefu kuliko mkono wangu, na sijaona mwingine kama yule. Anayetaka kubisha abishe, lakini kwanza aniambie ni mwalimu gani mwingine aliyeweza kufundisha ushujaa kwa makaa ya jikoni.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima katika milima ya Masisi, upande wa Nyabiondo: chumba kimoja cha fito na udongo, paa la majani, na baridi ya asubuhi iliyoingia bila kupiga hodi. Yeye alikuwa mtu wa msituni, wa Walikale, chini kule ambako sisi watu wa milima tuliamini kwamba jua halifiki na watu hula nyama kila siku. Alikuja kwetu vita vya Wazungu vilipokwisha, akiwa na sanduku la mbao na viatu vyeusi. Viatu vile! Kwenye tope alivibeba mkononi. Mlangoni aliosha miguu katika beseni, akavivaa, akakaza kamba, ndipo akaingia darasani. Saa za kutoka alivivua tena. Nadhani viatu vile havikuwahi kuijua barabara.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Ukiandika herufi bila kuikalisha vizuri juu ya mstari, ungesikia maneno mpaka saa sita. Lakini siku mtoto mmoja alipoiba unga wa mwenzake, alimkalisha karibu yake akamuuliza kwao wamekula nini wiki ile. Misheni ilikuwa imempa fimbo, maana mwalimu bila fimbo hakuhesabiwa kuwa mwalimu. Aliichomeka kwenye majani ya paa. Sikumwona akiitoa ila msimu wa maparachichi, ambayo sisi tuliyaita avoka, na hapo aliitumia kwa ustadi kweli.

Na hakujua kuchora. Hili nalisema mapema kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani alikuwa fundi. Siku ya somo la wanyama alichora ng'ombe ubaoni. Darasa zima likanyamaza kwa heshima, mpaka mtoto mmoja wa wafugaji akauliza kwa upole:

"Mwalimu, ile kiti iko ya nani?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Njo maana ninaomba ninyi muchore," akasema. "Miye mukono yangu ilishafunga."

Tulicheka naye. Hatukuuliza mkono hufungwa na nini.

Kwetu, nyumba ya udongo hukandikwa upya kila kiangazi, na kazi hiyo ni ya wanawake. Udongo huchanganywa na mavi ya ng'ombe, hukanyagwa kwa miguu, huachwa ulale siku mbili, kisha hupakwa kwa kiganja. Mama zetu ndio walioikandika shule pia. Wiki moja kabla hawajaja, wakati ukuta wa nyuma ulikuwa umepasukapasuka na hauna thamani kwa mtu yeyote, Mwalimu alitupa ruhusa ya kuuchora. Alitaka kitu kimoja: kile unachokiogopa, au kile kinachokuuma ndani na hujui pa kukiweka. Tulileta makaa, udongo mweupe wa kijitoni, udongo mwekundu wa barabarani, na majani tuliyoyaponda mpaka yakatoa maji ya kijani. Wiki nzima shule ilinuka majani mabichi.

Siku ya kukandika ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kila mtoto alisimama mbele ya mchoro wake mbele ya wenzake na mama zetu, akataja kwa sauti ni nini. Kama ni mtu, alitaja jina lake. Kisha alichota udongo kwa mkono wake mwenyewe na kuuziba. Hakuna aliyeruhusiwa kumzibia mwenzake.

"Kama haujasema jina yake, usiipakale," alisema. "Utakuwa umeifunika tu. Itaozea mule ndani."

Msemo wake mwingine ulikuwa huu: "Woga iko na miguu. Ukiichora, inakaa." Watoto wa Nyabiondo waliupenda wakaufanya wimbo wa kuruka kamba, na mpaka leo mguu wangu mmoja unaukumbuka.

Kwa hiyo ukuta wa nyuma ulinenepa. Zile kuta nyingine tatu mama zetu walizikwangua kabla ya kupaka, lakini ule Mwalimu alikataa usikwanguliwe. Tabaka lilikaa juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, na makaa yetu yakabaki humo. Mwaka wangu wa nne dirisha lake dogo lilikuwa limezama ndani kama jicho la mtu mnono. Tuliegemea pale wakati wa mapumziko, tukijua ni nini kilicho nyuma ya migongo yetu.

Nikikumbuka tulivyovichora, hata leo nywele zinanisimama. Mtoto mmoja alichora kofia nyekundu ya askari wa kodi, kofia peke yake, bila askari, kubwa kuliko nyumba aliyoiweka chini yake. Binti mmoja alichora chungu kilichofunikwa, akasema ndani hamna kitu, na kwamba mama yake hukiweka motoni hivyo hivyo ili majirani waone moshi. Mwingine, ambaye mdogo wake alichukuliwa na chui, alichora chui mdogo sana, wa kutosha kiganjani, na yeye mwenyewe kando yake, mrefu mpaka dari.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya chui yule. "Alikuwa kadogo vile?"

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa mukubwa. Miye njo nilitaka akuwe kadogo."

"Basi sasa iko kadogo," Mwalimu akasema. Akasimama, akaenda nje, akakaa huko kitambo kirefu. Mtoto yule alikuwa hajaweza kwenda peke yake mtoni tangu mvua zilizotangulia. Wiki ile alikwenda.

Padri mkuu alipokuja kukagua shule aliikuta kofia nyekundu, na uso wake ukawa mwekundu vilevile. Aliuliza ni uchafu gani huo.

"Ni woga, mon Père," Mwalimu akajibu.

"Watoto wa Mungu nao wanaogopa?"

"Ndiyo, mon Père. Njo maana wanaiacha hapa."

Padri akaamuru ukuta upakwe upesi. Mwalimu akainamisha kichwa akasema utapakwa, siku tatu zijazo, na hakusema uongo, maana mama zetu walikuwa wamekwisha kukanyaga udongo. Sisi tulishika midomo tusicheke. Lakini niseme na hili: mwaka uliofuata Padri yule alikuja mapema kuliko desturi yake, kabla ya kukandika, akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho, akaondoka bila kuamuru kitu.

Palikuwa na mahali pamoja tu tusipopagusa. Kona ya chini, karibu na mlango, ilikuwa ya Mwalimu. Hakutukataza. Mwaka wa kwanza alisema tu kwamba yeye pia ana kitu cha kuweka, tumwachie nafasi, na tukamwachia. Kona ile ilibaki tupu mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine. Tulipomkumbusha, alisema, "Bado, batoto. Bado kidogo." Kwetu ilikuwa ajabu kuona mtu aliyetuongoza mbele ya chui na askari akishindwa na kona ya ukuta.

Ajabu nyingine ilikuwa nyama. Kila kiangazi wachuuzi waliopandisha mafuta ya mawese kutoka Walikale, kuja kubadilisha na maharage yetu, walimletea kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kidari kizima cha mnyama wa msituni, kimekaushwa kwa moshi mpaka kimekuwa cheusi. Mchuuzi alisema maneno yale yale kila mwaka: "Mukubwa yako anakusalimia," akimaanisha kaka yake. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza kama njia ni nzuri, kisha akatugawia nyama yote. Yeye hakuonja hata unyuzi. Alikula kiazi chake kitamu akitutazama tukitafuna. Mtu wa msituni asiyekula nyama ya msitu! Sisi hatukulalamika, tulimwombea tu yule kaka yake maisha marefu.

Tena hakwenda kwao. Siku za mapumziko makubwa walimu wote waliteremka kwenye vijiji vyao, na yeye alibaki kulima maharage nyuma ya shule. Mchuuzi mmoja aliwahi kumwambia mbele yetu kwamba mama yao amefariki, na kwamba kaka yake amebaki peke yake. Mwalimu alitufundisha mpaka saa ya kengele kama kawaida. Halafu alivua viatu, akatembea mpaka pale njia ya Walikale inapoanza kuteremka, akasimama. Tulimwona kutoka kilimani. Giza lilipokaribia alirudi.

Sasa nimfikie mama yangu, maana bila yeye nisingejua lolote.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, mdogo wangu alifariki akiwa bado ananyonya. Mama alimzika, akarudi nyumbani, akakaa jikoni akielekea ukutani. Hakusema. Hakulima. Alikula ukimlisha. Papa, baba yangu, alikuwa kwenye shamba la pareto la Mzungu na alikuja mara moja kwa mwezi. Majirani walisema ni mizimu, wengine wakasema afungwe kamba asije akajitupa mtoni. Mimi niliogopa kamba kuliko mizimu. Nilipika, nilichota maji, nilimnawisha Mama, halafu nilikwenda shule nikataja jina langu na kusema "Prezan", ingawa sikuwapo.

Wiki ya kuchora ilipofika nilimchora Mama. Nilimchora kwa nyuma: kichwa, mabega, mgongo, kwa sababu ndicho nilichokiona kila siku. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akauliza sababu.

"Juu ya nini hauna uso?"

"Uso yake nilishaisahau, Mwalimu."

Hakunipa pole. Nilikuwa nimechoka na pole, na sijui yeye alijuaje. Alisema tu, "Mugongo inaweza kugeuka. Siku ya kupakala, umulete."

Nilimleta. Nilimshika mkono toka nyumbani mpaka kilimani, na wanawake waliokuwa wakikanyaga udongo wakaacha wimbo wao. Zamu yangu ilipofika, nilisimama mbele ya mchoro nikataja jina la mama yangu kwa sauti. Mama aliinua kichwa. Aliutazama mgongo ule muda mrefu, kisha akasema maneno yake ya kwanza baada ya miezi minne.

"Huyu ni nani?"

"Ni weye, Mama."

"Na mutoto yangu? Umemuweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Nilianza kulia. Mama akachukua kaa kutoka mkononi mwangu, akapiga magoti, akachora mstari toka begani kupita mgongoni, na fundo dogo. Kilikuwa kitambaa cha kubebea mtoto. Alitaja jina la mdogo wangu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu mzima anavyopaswa kulia, na mama wote wakalia naye, na mimi nikauona uso wake. Baadaye alichota udongo. Mwalimu alituruhusu tuzibe pamoja, kiganja chake juu ya changu. Udongo ulikuwa baridi.

Sisemi kwamba alipona siku ile. Alikuwa na siku nzuri na siku za kuelekea ukutani, mpaka uzee wake. Lakini hakuna aliyetaja kamba tena, na siku mbaya zilipokuja aliniambia, "Leo niko mugongo," nami nikajua nifanye nini.

Watoto walipokwenda kunawa mtoni, Mama alibaki amekaa chini, mikono imejaa udongo, akitazama kona tupu karibu na mlango.

"Na hii?"

"Iko yangu, Mama," Mwalimu akasema.

"Juu ya nini haina kitu?"

Mwalimu alikaa chini kando yake, viatu vyake vikiwa miguuni. Nadhani alisahau kwamba niko pale, au hakusahau. Alieleza polepole, akiangalia ukuta. Wakati wa vita, Wazungu walitaka mpira wa msituni. Kila mwanaume wa kwao aliingia porini kukata kamba za mpira, na aliyeleta kidogo alichapwa kiboko mbele ya wenzake. Yeye alikuwa kijana pekee kijijini aliyejua kusoma, basi wakamfanya karani. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kusoma majina ya watakaochapwa. Siku moja jina la kaka yake lilikuwa kwenye karatasi.

"Ningeweza kuiruka, Mama. Ule Muzungu hakukuwa anajua nani ni nani. Lakini alikuwa amenisifu asubuhi, alisema ninasoma muzuri kupita makarani yote. Nikasoma. Nilisoma jina ya kaka yangu bila kukosea."

Mama aligeuka kumtazama.

"Tangu ile siku jina yake haijapita mu kinywa yangu. Nikienda kule, nitamuita je?"

"Lakini yeye anakutumia nyama."

"Anatuma kidari!" Mwalimu akapaza sauti, mara ya kwanza kumsikia hivyo. "Kwetu nyama haigawiwe ovyo. Kidari iko ya mukubwa. Mudogo akikula kidari na mukubwa iko muzima, ni sawa amemuzika. Kila mwaka ananiambia: kula, weye njo mukubwa sasa, si ulisimama juu yangu?"

Mama alikwangua udongo kwenye kucha zake. "Desturi ya kwenu siijue, Mwalimu," akasema. "Lakini hasira ninaijua. Hasira inachoka kuwinda. Angetuma mara moja, akanyamaza."

Mwalimu alitikisa kichwa. Mtu aliyejua kuisoma mioyo ya watoto arobaini hakuweza kuusoma moyo mmoja wa nyumbani kwao. Hilo nalo lilinishangaza, na bado linanishangaza.

Mwaka wangu wa mwisho pale, nyama haikuja. Wachuuzi wa kwanza walipita, wakasema hawakupita kijiji kile. Wa pili wakasema hawajui. Mwalimu alianza kuwasubiri kwenye kona ya njia, kila jioni, viatu mkononi. Wa tatu walipopita mikono mitupu hakuwauliza kitu. Jumatatu tulikuta mlango wa shule wazi na daftari mezani, majina yetu yote yameandikwa upya kwa mwandiko wake mzuri. Viatu vilikuwa chini ya meza, vimepakwa rangi. Kona ya ukuta ilikuwa tupu.

Mwalimu mpya alituita majina. Langu lilipofika nilisahau kuitikia, nikajuta. Ukuta wa nyuma aliukwangua kiangazi kilichofuata, na mama yangu, aliyekuwa mmoja wa wakandikaji, alikataa kwenda siku ile. Viatu vya Mwalimu wetu, Mama alikuwa amekwisha kuvichukua mapema, akavifunga kwenye majani makavu ya mgomba, akaviweka juu ya dari kwenye moshi ili wadudu wasiviharibu.

Miaka ikapita bila habari. Nikaolewa na kantonye, mfanyakazi wa kutengeneza barabara, na kazi yake ikatupeleka Walikale. Siku ya kuondoka Mama alinipa kifurushi cha majani ya mgomba. "Umupelekee vitu vyake," akasema. "Na uangalie kama alifika kwa kaka muzima ao kwa kaburi." Ndilo lililonisumbua njia nzima. Nilipouliza huko, watu walinielekeza kijiji kimoja, mwendo wa nusu siku. Nikambeba mtoto wangu mgongoni nikaenda, na kadiri nilivyokaribia, ndivyo nilivyotembea polepole.

Nilimkuta peku, suruali imekunjwa magotini, akikanyaga udongo mbele ya nyumba. Nywele zilikuwa nyeupe. Kizingitini alikaa mzee mwingine, mfupi, hana meno, mgongo umepinda. Mwalimu alinitazama, akatazama mtoto, akatazama kifurushi.

"Benchi ya pili," akasema. "Karibu na dirisha."

Mzee wa kizingitini akaruka karibu aanguke. "Huyu njo ule wa mugongo? Mama yake iko muzima?"

Alinijua. Aliwajua watoto wote, kwa majina na mabenchi yao, mtoto wa chui, binti wa chungu, kwa sababu jioni zote mdogo wake alimsimulia. Nilimjibu kwamba Mama ni mzima. Halafu nikaketi, nikamwambia kwamba na mimi namjua, maana nilikula nyama yake miaka minne.

"Hii batoto ya Masisi!" akapiga paja. "Miye naangaika na mitego, ninyi munatafuna! Na huyu anaogopa kidari. Mama, sikia. Mutu anakaa peke yake mu inchi ya batu, hana mukubwa wa kumutangulia. Anapashwa kula sehemu ya mukubwa ili nguvu isimuishie kule. Baba yetu alifundisha vile. Lakini huyu aliingia masomo mapema, haikumufikia. Ule mwaka nilianguka, nikashindwa kuwinda, nikasema: basi, ndugu yangu atakufa njaa. Na kumbe njo ilimuleta."

Mwalimu aliendelea kukanyaga udongo bila kuinua macho. Hapo ndipo nilipouona ukuta. Kando ya mlango, chini, alikuwa amechora kwa makaa: mtu mmoja amelala kifudifudi, na mwingine amesimama ameshika karatasi. Wote wawili walifanana na viti. Makaa yalikuwa yamefifia kwa mvua na kupakwa tena, mara nyingi.

"Iko pale kiangazi ya tatu," mzee akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. "Kila mwaka anakanyaga udongo, anasema haujaiva. Nyumba inaanguka juu yetu. Miye nilishamuambia nimesamehe, hata kabla hajafika. Anasema haiko kwangu, iko kwa sheria ya ukuta."

Niliinama nikachukua udongo kidogo, nikaufinya. Nimekandika nyumba tangu nikiwa msichana.

"Mwalimu," nikasema, "umeiva."

Alisimama. "Ninajua, mama. Umeiva tangu mwaka wa kwanza."

"Sheria inasema nini?"

Sikutaka kumwuliza kwa ukali, lakini ilitoka hivyo, kwa sauti ya mama yangu. Mwalimu alitoka kwenye udongo. Alifuta mikono kwenye suruali, akatazama mchoro wake mbaya, kisha akasimama wima mbele ya mlango kama alivyosimama mbele yetu kila asubuhi, mikono nyuma.

"Musafiri," Mwalimu akaita jina la kaka yake.

Safari hii hakusoma vizuri. Silabi ya mwisho ilimkatikia, akairudia, ikamkatikia tena.

Mzee yule, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la shule yoyote, aliushika mwimo wa mlango akajivuta kusimama. Mgongo ulikataa. Akauvuta tena, mpaka akasimama kadiri alivyoweza.

"Prezan," akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Sasa leta udongo, Mwalimu. Mvua inakuja."